Gari la Mzee Lisiuzwe kwa Sababu ya Tone la Oili

Ndugu zangu wa ukoo, mlioko Maskati na Sur, mlioko Unguja na Mombasa, na mlioko mbali zaidi Ulaya, leo naandika juu ya jambo ambalo baadhi yenu mtaliona dogo: kuvuja kwa oili katika gari kuukuu la marehemu mzee wetu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mwaka huu maneno yamekuwa mengi baina yetu. Wapo wanaosema liuzwe kama chuma chakavu, kwa kuwa limechafua sakafu ya banda hapa Qalhat, na kwa kuwa fundi mmoja alitwambia injini nzima ifumuliwe. Rai yangu mimi ni kwamba gari hili libaki, litengenezwe nyumbani, na litengenezwe kwa mikono yetu pamoja na watoto wetu. Nitazieleza sababu zangu, na mwenye rai nyingine asinionee haya.

Ikitajwa Qalhat, sote hukimbilia mambo makubwa. Twawaonesha wageni kuba la Bibi Maryam. Twawasimulia kwamba Ibn Battuta alifika hapa katika karne ya 14, kwamba Wareno wa Afonso de Albuquerque waliuteka na kuuchoma mji mwaka 1508, na kwamba mwaka 2018 UNESCO iliuingiza mji huu wa kale katika orodha ya Urithi wa Dunia. Yote hayo ni fahari yetu, wala siyapunguzi. Lakini magofu yana wataalamu wa kuyatunza. Vitu vilivyomo majumbani mwetu havina mtunzaji ila sisi.

Na tukumbuke waliotutangulia walikuwa watu gani. Sur, yapata kilomita 20 kutoka hapa, ni mji wa waundaji wa majahazi. Vyombo vya pwani hii vilikwenda Lamu, Mombasa na Unguja kwa pepo za kaskazi, vikarejea kwa kusi. Hakuna chombo cha mbao kisichovuja, na hakuna nahodha aliyekitupa chombo chake kwa sababu kinavuja. Bamvua likifika walikipandisha ufukoni. Maji yakipwa walikwangua ubao, wakakalafati nyufa kwa pamba iliyolowa mafuta, wakapaka deheni ya shahamu na chokaa upande wa chini, na sifa ya papa upande wa juu. Mtoto aliyesafiri nao alijifunza kazi hiyo kwa kuishika. Na baharia aliyekesha akifua maji ya ngama alijua vyema kwamba kufua si kuziba.

Sasa litazameni gari letu. Mwenye kuongeza lita moja ya oili kila baada ya wiki mbili, akashukuru kwamba taa nyekundu haijawaka, huyo anafua maji tu. Oili inayodondokea bomba la moshi lililopata moto hufuka, na yaweza kuwasha gari zima. Ikilowesha mipira ya injini, mipira hulainika na kuharibika. Na kina chake kikishuka siku moja pasipo mtu kutambua, vyuma husagana vikavu, na hapo ndipo injini itakapofumuliwa kweli.

Chanzo cha kuvuja aghalabu si kikubwa. Gari lililozidi miaka 25 katika pwani hii, ambako joto la kiangazi hupita nyuzi 40, mipira yake hukauka. Gasketi iliyokuwa laini ikijaza kila kinafasi huwa ngumu kama plastiki, na oili hupata pa kupitia. Bei ya gasketi mpya haikaribii hata kidogo gharama ya kufumua injini.

Mwezi uliopita, asubuhi ya Ijumaa kabla jua halijapanda, tuliifunika mitambo ya umeme kwa mifuko ya plastiki, tukaiosha injini kwa dawa ya kuondoa mafuta, tukaiacha ikauke, kisha tukalitembeza gari mpaka likapata moto. Tuliporudi, binti wa kaka yangu, mwenye miaka 12, aliinamia doa la sakafuni. Nikamweleza kwamba oili huteremka, na upepo wa mwendo huisukuma nyuma; kwa hiyo linapoanguka tone sipo linapotoka. Akapanda juu ya kibao, akamulika tochi ukingoni mwa kifuniko cha valvu. "Ami," akasema, "mbona huku juu kumelowa, na kuna mchirizi mpaka chini?" Hapo ndipo palipokuwa na ugonjwa wote. Fundi aliyetaka kufumua injini alikuwa ametazama kutoka chini tu.

Kazi yenyewe haikuwa ya miujiza. Injini ilipopoa tulikagua kwanza kivalvu cha kupumulia, kwa sababu kikiziba, hewa ya ndani hujaa na kuisukuma oili nje hata kama gasketi ni nzima. Tukafungua kifuniko, tukakwangua mabaki ya gasketi kuukuu bila kuliumiza bati, tukafuta kwa kitambaa kisicho na nyuzi, tukaweka gasketi mpya. Silikoni tulitia pale tu ambapo kitabu cha gari kinaelekeza. Bolti tulizikaza kwa zamu, kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu mbili na kwa mkono mwepesi; mwenye kukaza kwa nguvu zote huiponda gasketi na kulipinda bati, kisha akashangaa oili inarudi. Dawa za chupa zinazosifiwa kuziba bila kufungua kitu sikuzigusa. Hizo hutunisha mipira kwa muda, nayo hurudi kuvuja.

Sisemi kwamba kila kitu kifanywe nyumbani. Mtu asiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Liwekwe juu ya stendi madhubuti, kwenye sakafu ngumu iliyo sawa. Ikiwa inayovuja ni sili ya nyuma ya kranki, gia boksi sharti ishushwe, na kazi hiyo ni ya gereji. Na oili chafu isimwagwe wadini wala ufukoni. Ikusanywe katika dumu ikapelekwe gereji inayoipokea. Pwani hii hii, kule Ras al-Jinz, kasa hupanda kutaga mayai. Si haki kuwaachia uchafu wetu.

Najua jibu la baadhi yenu: mafundi wa Kihindi, wa Kipakistani na wa Kibangladeshi wako tele, ni hodari, na ujira wao si mkubwa, kwa nini tujichafue? Nawaheshimu mafundi hao, na wengi wamenifunza. Lakini kuna kitu ambacho hatuwezi kumlipa mtu mwingine atufanyie, nacho ni kuwalea watoto wetu ndani ya lugha yetu. Katika nyumba zetu za Omani, Kiswahili kimebaki kwa wazee. Watoto wanakijua katika salamu, katika mandazi na biriani, na katika kukemewa. Binti huyu niliyemtaja, ukimwuliza habari kwa Kiswahili hukujibu kwa Kiarabu. Siku ile, kwa muda wa saa 3, alisema Kiswahili kwa sababu kazi ilikitaka: shikilia, mulika, legeza, kaza, futa, ngoja kwanza. Lugha isiyofanyiwa kazi huwa pambo, na pambo hurithiwa mara moja tu.

Wanaotaka kuuza wanasema fedha zigawanywe na kila mmoja apate fungu lake. Fungu hilo litaliwa kwa mwezi mmoja. Nawakumbusha jahazi Fatah al-Khair, lililoundwa Sur mwaka 1951. Liliondoka likaishia Yemen, na mwaka 1993 watu wa Sur wakachangishana fedha wakalirejesha nyumbani. Nawasifu kwa hilo, lakini somo lake kwetu ni kwamba kukirudisha kilichokwenda ni gharama kubwa kuliko kukitunza kilichopo.

Kwa hiyo napendekeza hivi. Gari libaki Qalhat kwa jina la familia. Kila nyumba ichangie kidogo kwa mwaka kwa ajili ya oili, filta na mipira. Kila likizo ya shule, nyumba moja ilete watoto wake, wakubwa wawafundishe kazi moja, na kazi hiyo ifanywe kwa Kiswahili tangu kufungua mpaka kufunga. Zamu inayofuata ni ya kubadilisha mipira ya maji, ambayo nayo imeanza kupasuka. Nani ataleta watoto wake?

Wasalaam.