AFADHALI SEKUNDE 8 ZA HALALI

Leo nimeshika kalamu nitoe maoni yangu kuhusu jambo linaloniuma roho, nalo ni tabia ya kuingia na mwakenya katika chumba cha mtihani. Najua wengine mtasema, "Huyu naye ameanza!" Ngojeni kwanza niwasimulie habari za mwendesha baiskeli mmoja.

Mimi ni mwanafunzi wa kutwa. Kila asubuhi naendesha Black Mamba ya babu, nzito kama jiwe la kusagia, kilomita saba hadi shuleni. Ndiyo maana napenda habari za mbio za baiskeli. Hapa kwetu ukizitaja, watu humkimbilia Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na akashinda Tour de France mara 4. Sina ubaya naye. Lakini shujaa wangu ni Greg LeMond wa Marekani, aliyestaafu mwaka 1994 kabla mimi sijazaliwa.

Mwaka 1986 LeMond alishinda Tour de France, akawa mtu wa kwanza asiyetoka Ulaya kufanya hivyo. Aprili mwaka 1987 walikwenda kuwinda bata mzinga, na shemeji yake akampiga risasi kwa bahati mbaya. Alimwaga damu nyingi, karibu afe. Zaidi ya vipande 30 vya risasi vilibaki mwilini mwake. Wengi walidhani kwisha yeye.

Jameni, mtu huyo alirudi! Tarehe 23 Julai 1989, siku ya mwisho ya mbio, Laurent Fignon wa Ufaransa alikuwa mbele yake kwa sekunde 50. Zilibaki kilomita 24.5 tu, kutoka Versailles hadi Paris, kila mtu akikimbia peke yake dhidi ya saa. LeMond aliinama juu ya usukani wa aina mpya uliopunguza nguvu ya upepo. Fignon alitumia usukani wa kawaida, kichwa wazi, nywele zikipepea. Baada ya kilomita zaidi ya 3,000 za safari nzima, LeMond alishinda kwa sekunde 8! Mwaka 1990 akashinda tena.

Hapo nataka tuelewane. Usukani ule ulikuwa ujanja, lakini ulikuwa ujanja halali, nao ulionekana na kila mtu. Hata sisi tuna ujanja wa aina hiyo: kujadiliana kwa vikundi, kurudia karatasi za miaka iliyopita, kumfuata mwalimu ofisini. Ujanja unaofichwa ndani ya soksi ni wizi tu.

Baadaye alitokea Mmarekani mwingine, Lance Armstrong, akashinda mara 7 mfululizo, kutoka mwaka 1999 hadi 2005. Dunia nzima ilimshangilia. Mwaka 2001 LeMond alisema hadharani kwamba haukumpendeza uhusiano wa Armstrong na daktari mmoja aliyeshukiwa mambo ya dawa. Weee! Aliandamwa mpaka akaomba radhi. Baadaye hata kampuni iliyounda baiskeli zenye jina lake ikaachana naye. Lakini mwaka 2012 Armstrong alipokonywa ushindi wote 7 kwa kutumia dawa za kututumua misuli, na Januari 2013 akakiri mwenyewe kwenye televisheni. Floyd Landis, Mmarekani aliyefika wa kwanza mwaka 2006, naye alikuwa ameshapokonywa wake. Leo katika orodha ya wanaume wa Marekani walioshinda Tour de France limebaki jina moja tu. Unalijua.

Sasa turudi darasani. Muhula uliopita kulikuwa na mpango wa kununua karatasi ya hesabu, kila mtu shilingi hamsini. Simtaji mtu. Mimi nilikataa, nikapata 41. Jirani yangu wa dawati, ambaye kila jioni huniuliza namna ya kutafuta x, alipata 78. Nyumbani baba alitazama ripoti akaniuliza, "Kwani wewe huko shule unaenda kufanya nini?" Sikuwa na jibu. Nilitoka nje nikajifanya naziba pancha.

Tena nikiri kosa langu. Mwalimu alipouliza kama kuna mtu anajua lolote, mimi nilinyamaza. Niliogopa kuitwa msaliti. Kwa hivyo simlaumu LeMond kwa kuomba radhi mwaka ule. Najua uzito wa kusimama peke yako.

Wenzangu husema, "Lakini kila mtu anafanya!" Hata kama ni kweli, mtihani wa kidato cha nne hautakuja na jirani yangu wala na soksi zake. Na siku moja huyo mwenye 78 atakuwa daktari anayepima dawa ya mama yako. Utamwamini?

Maoni yangu ni haya: alama 41 zangu ni chache, lakini hakuna atakayekuja kuzichukua. Nitazipandisha polepole, kama navyopanda kile kilima cha sokoni na Black Mamba. Na mwalimu akiuliza tena, safari hii nitainua mkono. Wahenga walisema, njia ya mwongo ni fupi. Wewe mwenzangu, utainua nami?