Damu katika Mkojo Haistahili Kimya

Kuna maradhi yanayomvamia mtu bila hodi, na kuna yale yanayobisha hodi kwanza. Saratani ya kibofu cha mkojo ni miongoni mwa haya ya pili. Hodi yake, aghalabu, ni damu katika mkojo: damu isiyoambatana na maumivu, inayoonekana leo na kutoweka kesho. Kwa kuwa haiumi, na kwa kuwa imetoweka, mtu hujihesabu kuwa amepona. Hapo ndipo msiba unapoanza.

Tusiwatie wananchi hofu bure. Si kila damu katika mkojo ni saratani. Vijiwe vya figo, uambukizo wa njia ya mkojo, kuvimba kwa tezi dume na kichocho ni sababu za kawaida zaidi. Lakini hakuna mtu, hata awe daktari, awezaye kuzitenganisha sababu hizo kwa kutazama rangi ya mkojo tu. Mwamuzi ni kipimo.

Nchini mwetu jambo hili lina uzito wa pekee kwa sababu ya kichocho. Kuanzia Pemba hadi vijiji vya Kanda ya Ziwa, watoto wengi wamekua wakioga, wakichota maji na kulima mpunga katika maji yenye konokono wanaoeneza ugonjwa huo. Minyoo ya kichocho cha mkojo hukaa katika mishipa ya damu inayozunguka kibofu. Mayai yake yenye mwiba hukwama katika ukuta wa kibofu na kuuchubua mwaka baada ya mwaka, na jeraha lisilopona huweza hatimaye kugeuka saratani. Uhusiano huo ulikwisha kuelezwa nchini Misri mwaka 1911. Na mwaka 1994 Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani ulimtangaza mnyoo huyo kuwa kisababishi cha saratani kwa binadamu.

Kwa hiyo ile kasumba isemayo kwamba mvulana akikojoa damu ni dalili ya kupevuka haina budi kung'olewa. Na nani wa kuing'oa kama si mwalimu? Mwishoni mwa miaka ya 1980, wilayani Kilosa, walimu waliwauliza wanafunzi wao maswali mepesi juu ya maradhi waliyoyapata, damu katika mkojo ikiwamo. Majibu ya watoto yalitosha kuonyesha ni shule zipi zilizoelemewa na kichocho. Swali moja darasani, likiulizwa bila dhihaka, lina thamani kubwa. Na dawa ipo: prazikuanteli.

Lakini ndugu zetu wa maofisini wasidhani kwamba habari hii ni ya wakulima wa mpunga peke yao. Duniani kote, sababu kubwa kuliko zote ya saratani ya kibofu ni uvutaji wa sigara. Sumu za moshi huchujwa na figo, kisha hukaa kibofuni pamoja na mkojo zikisubiri kutolewa. Mvutaji aliyepita umri wa miaka 40, akiona damu katika mkojo wake, asitafute visingizio.

Na visingizio ni vingi. Mwanamume huona haya kusema. Mwanamke hudhani ni hedhi iliyopotea njia. Mwingine hukimbilia duka la dawa, hununua vidonge vya kuua vijidudu, damu hukatika, naye husahau. Damu kukatika si ushahidi wa kupona. Mtu mzima aliyeona damu, hata mara moja, aende kupimwa. Na ikiwa ametibiwa kichocho au uambukizo kisha damu ikarudi, apelekwe hospitali kubwa ambako kibofu chake kitatazamwa kwa ndani. Uvimbe ukiwa bado katika utando wa ndani, daktari huweza kuukwangua kupitia njia ya mkojo. Ukikwisha kupenya msuli, aghalabu hubidi kibofu chenyewe kiondolewe, au mgonjwa achomwe kwa mionzi.

Wajibu huu si wa mgonjwa peke yake. Mkuu wa kazi amruhusu mtumishi kwenda kupimwa bila kumhoji mbele ya wenzake. Zahanati ziwe na vitepe vya kupimia mkojo, na mhudumu asimrudishe mtu mzima nyumbani na vidonge kwa mara ya tatu bila barua ya rufaa. Wenye dhamana ya bajeti wakumbuke kwamba kitepe ni rahisi kuliko upasuaji.

Mwaka 1973 Taifa hili liliwakusanya wananchi kwa mamilioni kuzunguka redio katika kampeni ya Mtu ni Afya, wakajifunza kujikinga na maradhi kwa nguvu zao wenyewe. Somo hilo halijachakaa. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Na katika ugonjwa huu, kilio hicho huweza kuzuiwa na chupa ndogo ya mkojo iliyofikishwa maabara mapema.