Safari ya Tabora haihitaji ‘pshiii’

KWENDA kuangalia mechi Tabora siyo sawa na kwenda Chamazi na kurudi. Shabiki anayetoka Dar es Salaam anaikamata Morogoro, Dodoma, Manyoni na Itigi, zaidi ya kilomita 800, kabla hajauona Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi.

Tangu Tabora United ilipoichapa Yanga mabao 3-1 Azam Complex, Novemba 7, 2024, hakuna anayeihesabu tena safari hiyo kuwa pointi tatu za mezani. Mashabiki nao wanajipanga. Watu wanne au watano wanachanga kiwese, wanajaa kwenye gari la mwenzao, safari inaanza.

Kwa vijana, gari lenyewe mara nyingi ni Subaru ya tabo. Na hapo ndipo shida inapoanzia, maana nyingi zimeng'olewa valvu ya asili ya kupunguza upepo wa tabo na kufungwa ya dukani inayopiga ‘pshiii’ dereva akiachia mafuta.

Raha ya mlio huo inaeleweka. Ila shabiki anapaswa kujua analipa nini.

Tabo inasukuma hewa kwa nguvu kwenda kwenye injini. Dereva akiachia mafuta, mlango wa hewa unafunga na upepo unakosa pa kwenda. Valvu ya asili inaurudisha kwenye bomba la kuvutia hewa, kama kiungo anayerudisha pasi nyuma kutuliza mchezo. Ile ya mlio inabutua mpira jukwaani.

Tatizo ni kwamba sensa imeshaihesabu hewa hiyo. Kontroli boksi inaendelea kumwaga petroli ya hewa ambayo haipo. Matokeo yake ni moshi mweusi, plagi kujaa masizi, mafuta kuisha haraka, na gari kusitasita baada ya kubadili gia au kuzima linapopunguza mwendo.

Kuzima kwenye foleni ya Ubungo ni aibu tu. Kusitasita wakati unalipita semi usiku, na lingine linakuja mbele, ni habari nyingine kabisa. Injini ikizima usukani unakuwa mzito, na breki nazo zinakuwa ngumu baada ya kukanyagwa mara chache. Ndani kuna watu watano waliovaa jezi.

Kuna la pili ambalo wengi hawalijui. Fundi anapofunga valvu ya mlio, tundu la kurudishia hewa linabaki wazi, hivyo analiziba kwa kizibo. Tundu hilo liko mbele ya chujio. Kizibo kikichomoka, injini inavuta hewa isiyochujwa. Kiangazi cha Tabora, ukiacha lami tu, vumbi ni jekundu na laini kama unga. Likiingia humo linakwenda moja kwa moja kwenye mapanga ya tabo, kisha kwenye pistoni. Kununua tabo nyingine siyo hela ya tiketi ya mzunguko.

Haki itendeke: siyo kila valvu ya kununua ni mbovu. Zipo zinazorudisha hewa kama ya asili, na yapo magari yanayopima presha badala ya kuhesabu hewa, ambayo hayachanganyikiwi kirahisi. Lakini mwenye Subaru inayotoa moshi na kukataa kutulia sailensa asijidanganye.

Dawa yake si ngumu. Kwenye Impreza nyingi valvu inakaa juu ya kipoza hewa, imeshikwa na boliti mbili. Injini ipoe kwanza. Irudishwe ya asili iliyo nzima, gasketi iwe mpya, kizibo kitolewe, mpira mkubwa wa kurudishia ufungwe kwa klempu, na mpira mdogo wa vakyumu ukaguliwe usiwe na ufa. Kisha gari lijaribiwe mtaani kwa siku kadhaa. Kufanya hivyo usiku wa kuamkia safari ni kumwingiza mchezaji ambaye hajapasha.

Matawi ya mashabiki nayo yana kazi hapa. Yanakagua kadi za uanachama na kuhesabu jezi. Yashindwe nini kukagua magari ya msafara? Gari lenye moshi mweusi au linalozimazima libaki nyumbani, abiria wake wapande basi au treni.

Karne ya 19, misafara ya Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita Tabora ikiwa na wapagazi wa Kinyamwezi, pembe za ndovu na, kwa uchungu, watumwa. Mbele alitangulia kirangozi. Karibu na mji ngoma zilipigwa na pembe zikapulizwa, wenyeji wajue nani anakuja. Kelele ile ilikuwa na kazi. Hata ‘pshii’ ya basi ina kazi, maana ni upepo wa breki. Hii ya Subaru haimtangazi mtu wala haisimamishi gari.

Kelele za shabiki zina mahali pake: jukwaani, dakika 90. Barabarani kinachotakiwa ni injini inayoitika ikikanyagwa, ili waliochangia mafuta wafike, washangilie, na Jumatatu wawe kazini.