Ukuta Usiopita Motoni

Barabara ya lami kutoka Mbinga mjini hadi Mbamba Bay ina urefu wa kilometa 66 hivi. Asubuhi ya Julai abiria hupanda gari akiwa amevaa sweta. Kabla ya saa sita mchana ameshaivua na kuikunja mapajani. Milima ya Umatengo inapita mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Nyasa liko kwenye mita 475 hivi. Njiani kahawa inaipisha mihogo na mpunga, na baridi inalipisha joto. Nyumba tu ndiyo haibadiliki: matofali ya kuchoma, bati juu, dari hakuna. Mlimani wenye nyumba hiyo hujikunyata usiku kwa baridi. Ziwani hutoa mikeka nje kwa joto, wakawa chakula cha mbu.

Nyumba hiyo ndiyo tuliyozoea kuiita bora. Tuhesabu basi inakula nini. Kiangazi, malipo ya kahawa yakishaingia, matanuri huanza kufuka moshi. Tofali haliivi vizuri chini ya nyuzi joto 800 hivi, na moto wa kulifikisha hapo ni wa magogo, usiku na mchana. Miti ya mteremkoni ikiisha, mvua za Desemba hadi Aprili huubeba udongo na kuushusha kwenye vijito vinavyoingia ziwani. Saruji nayo ina moto wake: hupikwa kwenye nyuzi joto 1,450 hivi, na viwanda vyake duniani hutoa takriban asilimia 7 ya hewa ukaa inayotokana na shughuli za binadamu. Makaa ya mawe ya Ngaka, wilayani Mbinga, yamekuwa yakisafirishwa kwenda viwanda vya saruji. Mkulima wa hapa anaweza kununua tena joto la makaa ya wilaya yake, likiwa limefungwa kwenye mfuko.

Ipo njia inayopunguza moto huo, nayo haiturudishi kwenye kibanda cha fito. Fito nazo hukatwa msituni, mchwa huzila, na ukuta wa kukandika humdai mama wa nyumba kazi ileile kila mwaka. Ninalolitetea ni tofali la udongo lililoshindiliwa kwa mashine ya mkono, likichanganywa na saruji kidogo, kwa kawaida kati ya asilimia 5 na 10, kisha likaachwa kivulini na kumwagiliwa mpaka likomae. Halihitaji tanuri. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, NHBRA, umeyahimiza kwa miaka mingi matofali ya namna hii yanayofungamana, ambayo hupunguza pia udongo na saruji ya kuungia ukutani.

Wanaoyatilia shaka wana sababu. Udongo wenye mfinyanzi mwingi hupasuka ukikauka, na wenye mchanga mtupu haushikani. Asiyepima udongo wake kwanza atapoteza fedha. Maji yakisimama kwenye kitako cha ukuta, yataulainisha. Tena ziwa letu limelala kwenye Bonde la Ufa. Desemba 2009 matetemeko ya Karonga, upande wa Malawi, yaliangusha nyumba nyingi za kuta dhaifu. Kwa hiyo msingi wa mawe uinuliwe juu ya ardhi, paa litokeze nje vya kutosha kuikinga mvua, na juu ya kuta upite mkanda wa zege wenye nondo unaozifunga pamoja. Anayeruka mojawapo ya haya kwa kubana matumizi asije akaulaumu udongo.

Hata hivyo, tofali zuri halitoshi. Ukuta mzito huchelewa kupata joto na huchelewa kupoa. Mlimani hiyo ni neema: jua la mchana hurudi ndani usiku taratibu, mradi kuna dari ya kulizuia lisitorokee batini. Ziwani, ambako usiku wenyewe ni wa joto, ukuta uliochomwa na jua la saa tisa utamnyima mtu usingizi. Huko nyumba ielekezwe kuta zake fupi mashariki na magharibi, iwe na baraza ya kuzitia kivuli kuta ndefu, madirisha yatazamane ili upepo wa ziwani upite, na kila uwazi uwekwe wavu wa mbu. Ramani moja kwa wilaya mbili, Mbinga na Nyasa, ni kosa hata ikijengwa kwa tofali lipi.

Kuupanga udongo kwa kufuata mahali si elimu ngeni hapa. Wamatengo wamelima ngoro kwa vizazi vingi: nyasi hulazwa kwa safu zinazokatana, udongo hufukuliwa katikati na kutandazwa juu yake, yakabaki mashimo yanayoyatuliza maji ya mvua kwenye mteremko mkali. Mlima uliolimwa hivyo unabaki na udongo wake. Jamii inayojua kuyaongoza maji shambani haishindwi kuyaongoza yasiguse ukuta.

Kikwazo kikubwa ni heshima. Hakuna kijana anayerudi na fedha za kahawa au za dagaa ili jirani aseme kajenga nyumba ya udongo, na hoja za moshi na misitu hazitamgeuza. Atageuzwa na jengo analoliheshimu. Huko Burkina Faso, Francis Kéré alianza na shule ya msingi ya kijiji chake, Gando, iliyokamilika mwaka 2001: matofali ya udongo yaliyoshindiliwa, na bati lililoinuliwa juu ya dari ili hewa ya moto iondoke. Mwaka 2022 alipewa Tuzo ya Pritzker, inayohesabiwa kuwa ya juu kabisa katika usanifu majengo.

Kwetu, wananchi huchangia matofali kila shule au zahanati inapojengwa. Halmashauri za Mbinga na Nyasa zianzie hapo: nyumba moja ya mwalimu mlimani na nyingine ufukweni, kila moja kwa ramani yake, mafundi vijana wakijifunzia kazini chini ya wataalamu wa NHBRA na wa mamlaka ya ufundi stadi, VETA. Hesabu ya gharama ibandikwe kwenye ofisi ya kijiji, na mwalimu aishi humo misimu mitatu ya mvua. Wanakijiji watapita, watagonga ukuta, na watamuuliza analalaje usiku. Jibu lake ndilo litakaloamua kama tanuri la mwaka unaofuata litawashwa.