Kikapu cha Jumamosi na Pesa Inayorudi Nyuma

Jumamosi ikiwa na jua, watu wengi wa Kitale hupeleka watoto Makumbusho. Wana sababu. Ni mahali pa kijani karibu na mji, kuna njia ya miguu inayopita katikati ya miti ya asili, kuna nyoka wa kutisha watoto na kobe wa kuwatuliza. Mkusanyo wenyewe ulianzishwa mwaka wa 1926 na Luteni Kanali Hugh Stoneham, mtu aliyependa wadudu, ndege na vitabu. Alifariki 1966, na mwaka wa 1974 jumba la sasa likafunguliwa. Wengine husukuma safari mpaka Saiwa Swamp, ile hifadhi ya taifa ndogo kuliko zote Kenya, kama kilomita tatu za mraba hivi, kumtafuta nzohe kwenye matete.

Halafu jioni ikikaribia, kabla ya kupanda gari kurudi nyumbani, kila mtu anataka kubeba kitu. Nairobi wana Maasai Market, linalohamahama kufuata siku za wiki. Kwetu huku mambo ni ya chini zaidi: gunia limetandikwa kando ya njia, juu yake vikapu vya mkoma kutoka Turkana, shanga za Kipokot, vibuyu, vigoda. Kitale ni mlango wa kaskazini, barabara ya kwenda Kapenguria na Lodwar inapita hapa, kwa hivyo vitu hivi havijatoka mbali sana kukufikia.

Timu yetu ilikuwa huko Jumamosi moja, si kazini rasmi, ila mtu wa kampuni ya malipo haachi kuangalia watu wakilipa. Na kuna kitu tulichoona ambacho tunataka kukisema wazi, kwa sababu sehemu ya lawama ni yetu.

Mama mmoja aliuza bangili ya shanga kwa shilingi 200. Mteja akatuma kwa namba yake ya simu. Simu ikalia, mama akasoma, akashukuru. Mteja alipogeuka tu, mama akamwita kijana wa jirani akae na gunia, akakimbia kwa wakala kutoa hizo 200. Akarudi. Baada ya nusu saa akauza nyingine. Akakimbia tena.

Tukamuuliza, mama, mbona usingoje jioni utoe zote mara moja? Akatuangalia kama watu wa kutoka mwezini. "Mkifika kwa gari mtazirudisha," akasema. "Mimi nimeshachomwa."

Hilo ndilo jambo. Mtu ananunua, analipa, anachukua kikapu, anapanda matatu, na akifika Kiminini anaomba pesa irudishwe akidai alikosea namba. Ombi likiingia wakati pesa bado iko kwenye laini ya muuzaji, inaweza kushikwa kwanza wakati mambo yanachunguzwa. Muuzaji anaweza kujitetea, ndiyo. Lakini anajitetea vipi Jumamosi saa kumi, akiwa na wateja watatu mbele yake na simu yenye chaji ya mwisho? Wengi huacha tu. Ni shilingi 200, wanasema, Mungu anaona.

Sasa hebu piga hesabu ya woga huu. Kwa ada za M-Pesa tunapoandika, kutoa kwa wakala kiasi chochote kati ya shilingi 101 na 2,500 ni shilingi 29. Ukitoa 200, ni 29. Ukitoa 2,000, ni 29 ile ile. Mama akiuza bangili tano kwa siku na kutoa mara tano, amepoteza 145 kati ya 1,000. Angengoja jioni angepoteza 29. Ile tofauti ya shilingi 116 si ya faida, wala si ya kampuni kumsaidia kukuza chochote. Ni bei ya kutotuamini, wewe na sisi. Na ni karibu mauzo ya bangili nzima ukitoa gharama ya shanga na uzi.

Kuna watakaosema wanaorudisha pesa kwa hila ni wachache. Kweli, ni wachache. Lakini muuzaji hana namna ya kujua uso gani ni wa yule mmoja, kwa hivyo anawakimbilia wote. Wewe mwaminifu unalipiwa makosa ya mwenzako na mama aliyekaa kwenye gunia.

Na lawama yetu iko hapa. Kwa miaka, makala na ujumbe wa watu wa malipo ya simu vimefundisha wateja jinsi ya kurudisha pesa iliyopotea njia: tuma ule ujumbe wa muamala kwa 456, usikawie, fanya haraka kabla haijatumiwa. Ni huduma nzuri. Mtu aliyekosea tarakimu moja akatuma karo ya mtoto kwa mtu asiyemjua anaihitaji, na hatutaki iondolewe. Lakini tulifundisha upande mmoja tu. Hatukuwahi kuandika hata mstari mmoja kwamba kuitumia kwa kitu ulichokwishapokea mkononi ni wizi, kama vile kuchukua kikapu na kukimbia. Tunaandika sasa: ni wizi.

Linganisha na lango la Saiwa. Kiingilio cha hifadhi za KWS unalipa kupitia eCitizen, na pesa za serikali siku hizi zinaingia kwa namba moja, 222222. Hakuna anayefika pale langoni akasema "nitatuma nikifika nyumbani, mtandao unasumbua." Hakuna anayeingia, akamwona nzohe, kisha akaomba pesa zake kwa kisingizio cha namba isiyo sahihi. Heshima hiyo tunayo tayari, inategemea tu nani anapokea.

Kwa hivyo ombi letu ni dogo na ni la kibiashara. Ukinunua kwa mtu wa gunia, muulize kwanza: "Una till?" Kama ana till au pochi ya biashara, lipa huko, hata kama ni mia moja. Malipo ya aina hiyo huwezi kuyavuta kimyakimya ukiwa garini. Lazima muuzaji ahusishwe. Yeye akijua hivyo anakaa. Anaacha pesa zijikusanye mpaka jioni, anatoa mara moja, au hatoi kabisa, anawalipa moja kwa moja wanaomuuzia mkoma. Kwa till mteja halipi ada, na muuzaji hakatwi kitu kwa malipo ya shilingi 200 kushuka.

Kuna faida nyingine ambayo wanaume huwa hawaifikirii. Ukimtumia mwanamke pesa kwa namba yake, umebaki na namba yake. Muuzaji mwingine, msichana wa vibuyu, alituambia anabadilisha laini kila mara kwa sababu ya ujumbe wa usiku kutoka kwa "wateja". Till haitoi namba yake ya simu kwa mtu.

Na kama hana till? Hapo lipa kwa namba yake, lakini tuma na ya kutoa. Tunajua, neno hilo limechosha watu, kila mtu anakuomba ya kutoa siku hizi, mpaka binamu. Lakini supamaketi imeshaingiza gharama zake ndani ya bei kabla hujaingia mlangoni. Mama wa bangili alikuwa ametaja 300, ukamshusha mpaka 200, na kushindania bei ni haki yako, hatukukatazi. Ila ukishakubaliana 200, iwe 200. Ukimpa 171, umeshusha bei mara ya pili bila kumwambia. Na simama mpaka simu yake yeye ilie, si yako. Mtandao ukichelewa, na Jumamosi jioni unachelewa, ngojeni pamoja, pigeni hadithi. Usitume mara ya pili.

Wewe muuzaji nawe, usikubali kuonyeshwa ujumbe kwenye simu ya mteja. Ujumbe unaweza kuandikwa na mtoto wa darasa la sita. Angalia salio lako.

Kutoka Kitale tuliteremka kupitia Kiminini na Webuye mpaka Bungoma, na huko tukakuta ugonjwa umefika hatua nyingine. Fundi mmoja wa chuma alikuwa ametundika chinyimba, zile njuga ambazo vijana wa Kibukusu hupiga mikononi wanapozunguka kualika jamaa kabla ya tohara. Hii ni biashara ya msimu kuliko zote tunazozijua. Tohara hufanywa mwezi wa nane, miaka inayogawanyika kwa mbili tu. Mwaka mzima unaofuata, chinyimba zinakaa. Kwa hivyo wiki hizo chache za Agosti zinabeba miaka miwili ya fundi.

Tulitaka jozi moja ya kumbukumbu. Tukatoa simu. Akatikisa kichwa. "Hapa ni pesa mkononi."

Tuliposhangaa alitueleza bila hasira. Msimu uliopita wazazi walikuja asubuhi na mapema, haraka haraka, kijana anasubiri nyumbani, ngoma inalia. Wengi walilipa kwa simu na wakalipa vizuri. Lakini malipo matatu yaliondoka baadaye. Matatu tu. Hakuwa na muda wa kuyafuata maana foleni ilikuwa inaendelea, na msimu ulipokwisha hakujua aanzie wapi. Akaamua mwaka huu simu ni ya kupigia tu.

Ukifikiria vizuri, uamuzi wake unamuumiza pia. Mzazi anayefika na simu tupu bila noti anaenda kwa fundi mwingine. Noti zenyewe anatembea nazo usiku mpaka nyumbani, wakati wa msimu ambao kila mtu anajua nani ana pesa. Tena hana rekodi yoyote ya alichouza. Akihitaji mkopo wa chuma na makaa, hana cha kuonyesha. Yote hayo anayajua, hatukumfundisha kitu kipya. Alipima akaona hasara ya noti ni afadhali, kwa sababu angalau mwizi wa noti lazima aje mwenyewe.

Tulimweleza kuhusu till: kwamba kusajili kunahitaji kitambulisho na laini yake, kwamba tangu Aprili 2022 hata mteja wa Airtel Money au T-Kash anaweza kulipa kwenye till ya M-Pesa, na kwamba malipo hayo hayatoroki usiku. Alisikiliza. Akauliza swali moja ambalo tumekuja nalo ofisini: "Na nikikosea mimi, nani ananisikiza, saa ngapi?"

Tulimpa jibu la kitabu, laini ya huduma kwa wateja na kadhalika. Hakuridhika, na kusema kweli hata sisi hatukuridhika nalo. Mtu wa msimu anahitaji mtu wa kumjibu ndani ya saa ile ile, Agosti, akiwa na foleni, kwa lugha yake. Hilo tunalidaiwa, na tumelipeleka kwa wenzetu wanaopanga zamu za huduma.

Chinyimba tulizinunua. Ilibidi mmoja wetu aende kwa wakala kutoa pesa, akalipa zile shilingi 29 mwenyewe, akarudi na noti. Fundi alizihesabu, akazikunja, akatufungia njuga kwenye gazeti. Till bado hajasajili. Alisema ataangalia kabla ya Agosti.