Gari la Kazi na Gari la Fahari

Mtu afikaye Lilongwe asubuhi ya siku ya kazi, akapita karibu na ofisi za Serikali zilizoko Capital Hill, hatakosa kuyaona magari makubwa yenye kuvutwa na magurudumu yote manne yakiwa yamepangwa kwenye maegesho mfano wa gwaride. Ni magari ya kupendeza. Vioo vyake vina giza, viti vyake ni vya ngozi, na mahali palipokuwa pa vishale vya mwendo na mafuta pamewekwa kioo kipana cha kompyuta. Kwa asili ya ukoo wake ni magari ya porini. Lakini mengi kati yake, tangu yaliposhushwa katika bandari ya Dar es Salaam au Beira, hayajaona tope isipokuwa lile lililorushwa na lori lililotangulia.

Sasa na tuondoke mjini tuelekee kaskazini kwa barabara kuu ya M1. Baada ya kilomita 40 na kitu tunaingia wilaya ya Dowa, na humo ndimo ilimo kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Zamani mahali hapo palikuwa gereza, ambamo walifungwa wapinzani wa utawala wa Rais Kamuzu Banda. Tangu mwaka 1994 pamekuwa makazi ya watu waliokimbia vita, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Kambi ilikusudiwa kupokea watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo inakaliwa na watu zaidi ya 50,000, na Kiswahili husikika humo kiasi kwamba atokaye Kigoma hahitaji mkalimani. Mvua za Malawi, ambazo kwa kawaida huanza Novemba na kuisha Aprili, zikishashika, udongo mwekundu wa vichochoro hugeuka utelezi. Kila kinachowafikia watu hao, iwe ni gunia la mahindi, sanduku la dawa au askari polisi walioitwa usiku kutuliza ugomvi, kinategemea gari litakalokwenda na kurudi.

Kwa hiyo tunauliza: Je, magari haya mapya ya anasa bado yanaiweza kazi ambayo babu zao walipatia jina?

Yuko atakayeona kwamba hili ni swali la wenye fedha, halimhusu askari. Sisi tunaona kinyume chake. Wapiganaji wa Malawi na wa Tanzania wamekuwa bega kwa bega Kongo ya Mashariki tangu Umoja wa Mataifa ulipounda brigedi maalumu mwaka 2013, pamoja na wenzao wa Afrika Kusini. Novemba 2018, karibu na Beni, askari Chancy Chitete wa Malawi alipoteza maisha alipokuwa akimwokoa mwenzake Mtanzania aliyejeruhiwa, na mwaka uliofuata Umoja wa Mataifa ukamtunukia nishani yake kuu ya ushujaa. Aliyepita njia zile za Kivu Kaskazini anajua kwamba majeruhi haondolewi kwa ramani wala kwa redio peke yake. Mwisho wa yote yanabaki magurudumu manne, dereva na tope.

Yafaa tukumbuke asili. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa mjini Amsterdam Aprili 1948. Waingereza walikuwa ndiyo kwanza wametoka vitani, chuma kikigawiwa kwa kibali, na hiyo ndiyo sababu bodi yake ikatengenezwa kwa aluminiamu. Injini yake ilikuwa na nguvu za farasi 50 tu. Huko Japani, Toyota ilitoa gari lililoitwa BJ mwaka 1951, likapewa jina la Land Cruiser mwaka 1954. Na ule mfano wa 70, uliotoka mwaka 1984, ungali unatengenezwa mpaka leo kwa umbo lile lile la msingi. Magari haya yameingia hata katika lugha yetu. Huku Tanzania mwananchi hasemi sana kwamba amekamatwa na polisi, husema amepakiwa kwenye difenda. Na Oktoba 2024 wenye Land Rover walikusanyika mjini Arusha kwa mamia, baadhi ya magari yakiwa na umri mkubwa kuliko madereva wake.

Siri ya magari hayo haikuwa nguvu. Ilikuwa ni kwamba karibu kila kilichokuwamo kilionekana kwa macho na kufikiwa kwa spana. Hata Range Rover, ambayo siku hizi ni kiti cha matajiri, ilipotoka mwaka 1970 ilikuwa na viti vya plastiki na sakafu iliyoweza kuoshwa kwa mpira wa maji. Fahari ilikuja baadaye, kidogo kidogo, kama mgeni aliyeomba kulala usiku mmoja akaishia kuhamia.

Hata hivyo, tusiwe watu wa kusifu kila cha zamani kwa kuwa ni cha zamani. Defender ya awali, ambayo utengenezaji wake ulikoma Januari 2016, ilivuja maji ya mvua, ilipiga kelele, na ilikuwa na kinga ndogo sana kwa waliomo ndani pindi ilipopinduka. Defender mpya, iliyotangazwa mwaka 2019 na kutengenezwa nchini Slovakia, ina uwezo wa kuvuka maji ya kina cha sentimita 90, ambapo ile ya zamani ilikadiriwa sentimita 50. Kompyuta yake hulitambua gurudumu linaloteleza na kulipiga breki kabla dereva hajatanabahi. Land Cruiser ya mfano wa 300, iliyotoka mwaka 2021, nayo ingali imejengwa juu ya chesesi imara. Anayesema kwamba magari mapya hayawezi tope hasemi kweli. Yanaweza, tena mengine yanaweza kuliko wazazi wake.

Tatizo ni siku yanapokataa.

Gari la zamani likikataa njiani, lilikataa kwa sababu inayoonekana: springi imekatika, mkanda umechanika, mafuta hayapiti. Dereva mwenye akili na waya alilifikisha nyumbani. Gari jipya la anasa halina desturi hiyo. Sensa moja ya gurudumu, yenye ukubwa wa kidole, ikiingia maji, taa huwaka na misaada yote ya kompyuta tuliyoisifu hapo juu huweza kuzimika kwa pamoja. Hitilafu nyingine hulifanya gari lijipunguzie nguvu lenyewe, likatambaa kama lililofungwa kamba, hali kitu chenyewe kilichoharibika si kikubwa. Mengine hayakai juu ya springi za chuma bali juu ya mifuko ya hewa; mfuko ukitoboka, upande mmoja wa gari hulala chini. Dzaleka wamo mafundi wenye mikono ya ajabu, watu waliouleta ufundi wao kutoka Kongo na Burundi, ambao huchomelea kilichokatika na kuchonga kipuri kutokana na chuma chakavu. Lakini fundi wa namna hiyo hana kompyuta ya kuliuliza gari linaumwa nini, wala hawezi kuchonga sensa. Gari litangoja lori la kulibeba mpaka Lilongwe, na huenda kipuri kingoje meli.

Kuna na suala la tairi, ambalo wakubwa wengi hulipuuza kwa kuwa halionekani kuwa la kitaalamu. Gari la kazi la zamani lilivaa tairi nyembamba yenye ukuta mrefu, rimu ya chuma na tyubu ndani. Ikipata pancha, vijana wawili wenye vyuma vya kufumulia na pampu ya mkono waliimaliza kazi chini ya mwembe. Gari la anasa linavaa rimu kubwa ya aluminiamu ya inchi 20 au zaidi, na tairi yake ina ukuta mfupi mfano wa mkanda. Katika lami ya Lilongwe hukata kona vizuri sana. Katika barabara ya mawe ukuta huo mfupi hupasuka, na rimu ikipata ufa haigongwi kwa nyundo ikanyooka. Mwenye akili atabadilisha rimu na tairi kabla ya kulipeleka gari kijijini. Tumeona wachache wafanyao hivyo.

Mafuta nayo yana sheria zake. Injini ya dizeli ya aina ya 1HZ, ya lita 4.2, ambayo kwa miaka mingi ilifungwa katika Land Cruiser za kazi, pampu yake ni ya mitambo mitupu na huvumilia dizeli isiyo safi sana. Dizeli ya kisasa husukumwa kwa mgandamizo mkubwa kupitia nozeli zenye matundu membamba sana. Maji kidogo au vumbi kidogo huziua. Sasa fikirini nchi ambayo katika miaka ya karibuni imekumbwa na uhaba wa mafuta mara kwa mara, watu wakanunua kwa madumu kando ya barabara bila kujua dumu hilo jana lilikuwa na nini. Gari la mamilioni huweza kulazwa na dumu moja.

Vita navyo vimekwisha toa ushahidi wake. Mapema mwaka 1987, huko Fada na Ouadi Doum, wapiganaji wa Chad waliokuwa na pikapu za Toyota na makombora ya kupiga vifaru waliyashinda majeshi ya Libya yaliyokuwa na vifaru na ndege. Pikapu zile hazikuwa na ngozi wala viyoyozi. Zilikuwa nyepesi, na zilitengenezeka jangwani. Hata mashirika ya misaada, ambayo yangeweza kununua yapendayo, kwa sehemu kubwa yanaendelea kupeleka kambini na vijijini ile Land Cruiser ya mfano wa 70.

Tuguse na upande wa fedha na heshima. Si bure kwamba wananchi wa Tanzania waliyaita magari haya mashangingi, neno ambalo awali alikuwa akiitwa mwanamke wa mjini anayejipamba kupita kiasi. Nchini Kenya, mwezi Juni 2009, Waziri wa Fedha wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, alitangaza kwamba mawaziri waachie magari makubwa wapande Volkswagen Passat za injini ya lita 1.8. Malawi yenyewe, Novemba 2023, kwacha iliposhushwa thamani kwa asilimia 44, Rais wa wakati huo Lazarus Chakwera aliagiza mgawo wa mafuta wa mawaziri na maofisa wakuu ukatwe nusu. Hayo ni mambo ya wanasiasa, nasi hatuyaingilii. Linalotuhusu ni hili: askari polisi akiingia katika makazi ya wakimbizi ndani ya gari lenye vioo vya giza na kiyoyozi, mwananchi aliye nje hawezi kujua kama ndani yumo mlinzi wake au mkubwa aliyepotea njia. Katika gari la wazi wanaonana na kusalimiana, na habari hupatikana.

Madereva wetu nao wana neno la kuambiwa. Gari linalojiendesha nusu humfanya dereva ajione fundi kabla hajawa fundi. Wapo vijana wanaobonyeza kitufe chenye picha ya mlima bila kujua kitufe hicho kinafunga nini chini ya gari, na wapo wanaokimbiza gari refu kwenye lami kana kwamba urefu wake hautapinduka. Dereva wa kikosi hana budi kujifunza kuvuka mto kwa miguu kabla ya kuuvuka kwa gari, kupunguza upepo wa tairi kwenye mchanga, na kuingiza gia ya nguvu kabla ya tope, si baada ya kukwama. Machi 2023, tufani Freddy ilipoua watu zaidi ya 600 kusini mwa Malawi na kuyakata madaraja, na Juni 2024, ndege iliyomchukua Makamu wa Rais Saulos Chilima ilipotafutwa katika ukungu wa msitu wa Chikangawa, gari lolote lilikuwa na mahali lilipoishia. Kutoka hapo askari walishuka wakatembea.

Tunashauri basi kwamba wanaoagiza magari ya majeshi na ya polisi wasiridhike na kuyaona katika ukumbi wa muuzaji wala kusoma vitabu vyake vya rangi. Gari lijaribiwe mwezi Februari, likiwa na askari wanane na mizigo yao, katika njia kama zile za Dowa, na anayeliendesha awe dereva wa kikosi, si mtu wa kampuni. Likwamishwe makusudi. Kisha mafundi wa karakana ya kikosi, kwa vifaa walivyo navyo wao wenyewe, wapewe kazi ya kubadilisha springi, nozeli na tairi, na saa walizotumia ziandikwe katika taarifa ile ile inayoonyesha bei. Magari ya fahari, kwa wanaoyahitaji kwa shughuli za kiserikali, yabaki Lilongwe kwenye lami yake, na kikosi kinachokwenda Dzaleka kipewe gari ambalo fundi wa Dzaleka analiweza.