Vita bila daftari: Wananchi wa Kwale wana haki ya kuuliza

Umepita zaidi ya mwongo mmoja tangu majeshi ya Kenya yalipovuka mpaka na kuingia Somalia, katikati ya mwezi wa Oktoba 2011. Mtoto aliyezaliwa Msambweni wakati huo amekwisha kubalehe. Katika muda wote huo wananchi wameambiwa kwamba vita hivyo ni vya kuilinda nchi, na wengi wao wameamini hivyo. Jambo ambalo hawajaambiwa ni hesabu yake: ni askari wangapi waliokufa, ni lengo gani lililofikiwa, na ni lini wanajeshi hao watarudi makwao.

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Ikiwa hali ni hiyo kwa mali ya dukani, sembuse roho za watu?

Itakumbukwa kwamba serikali iliamua kuingia Somalia baada ya wageni kutekwa nyara Kiwayu na Manda, katika pwani ya Lamu, na wafanyakazi wawili wa misaada kutekwa katika kambi ya wakimbizi ya Dadaab. Serikali ilisema kwamba inatumia haki ya kujikinga iliyomo katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa. Sisi hatusemi kwamba nchi ikichokozwa ikae kitako na kushika tama. Lakini yafaa ieleweke kwamba wanajeshi walitangulia na Bunge likafuata. Mwezi wa Desemba mwaka huo ndipo wabunge walipokubali majeshi yetu yajiunge na kikosi cha Umoja wa Afrika, AMISOM. Mwaka 2022 kikosi hicho kikaitwa ATMIS, na tangu Januari 2025 kinaitwa AUSSOM, Kenya ikiwa ingali miongoni mwa nchi zinazopeleka askari. Jina limebadilika mara mbili, lakini ratiba ya kuondoka haijawekwa wazi.

Katiba ya mwaka 2010 haikuliacha jambo hili gizani. Kifungu cha 240 chasema kwamba Baraza la Usalama la Kitaifa laweza kupeleka majeshi nje ya nchi kwa shughuli za amani, ila kwa idhini ya Bunge. Kifungu hicho hicho chalitaka Baraza hilo liwasilishe ripoti Bungeni kila mwaka kuhusu hali ya usalama. Naye Rais hawezi kutangaza vita bila idhini ya Bunge. Kwa ufupi, upanga wa taifa ni mali ya wananchi, na anayeushika ameazimwa tu. Mwazimwa hurejesha, na akirejesha hueleza alivyoutumia.

Je, yamefanyika hayo? Tarehe 15 Januari 2016 kambi ya wanajeshi wetu huko El Adde ilivamiwa na al-Shabaab. Ulikuwa msiba mkubwa kabisa kupata kulifika jeshi la Kenya tangu uhuru. Mwezi uliofuata Rais wa Somalia wa wakati huo, Hassan Sheikh Mohamud, alitamka hadharani kwamba waliouawa walikaribia 200. Serikali ya Kenya ilikanusha, lakini haikutoa idadi yake yenyewe. Ni jambo la kusikitisha kwamba raia wa Kenya alijua habari za maziko ya askari wake kwa kinywa cha rais wa nchi nyingine. Mwaka mmoja baadaye kambi ya Kulbiyow nayo ilishambuliwa, na mabishano juu ya idadi ya waliokufa yakaanza upya.

Wako watakaosema kwamba siri za jeshi hazianikwi juani, na kwamba kutaja idadi ya waliokufa ni kumfurahisha adui. Hoja hii ina uzito kidogo, lakini haitoshi. Siri ni mipango ya vita inayokuja; kaburi si siri. Uingereza ilipoteza wanajeshi 179 katika vita vya Iraq, na kila mmoja alitangazwa kwa jina. Isitoshe, mwaka ule ule wa El Adde, ripoti ya tume iliyoongozwa na John Chilcot ilitolewa hadharani, ikaeleza jinsi serikali ya nchi hiyo ilivyoingia vitani kabla ya njia za amani kumalizika. Jeshi la Uingereza halikuvunjika kwa kuulizwa maswali. Adui huyajua aliyoyafanya. Asiyejua ni mama wa askari.

Msomaji aweza kuuliza Kwale ina nini na vita vilivyo mbali kaskazini. Jibu ni kwamba pwani ya kusini imevilipia bila kuulizwa. Mwezi wa Mei 2014, baada ya mfululizo wa mashambulizi nchini, Uingereza iliwaonya raia wake wasiende Mombasa na ukanda wa pwani kuanzia Mtwapa hadi Tiwi. Diani haikutajwa katika onyo hilo, lakini mgeni angefikaje Diani bila kupita Mombasa na feri ya Likoni? Watalii walirudishwa kwao, ndege za kukodi zikasimama, hoteli zikapunguza wafanyakazi, na nyingine zikafunga milango. Onyo hilo liliondolewa Juni 2015, baada ya mwaka mzima. Walioumia ni wapishi na watandika vitanda, madereva wa tuktuk wa Ukunda, vijana wauzao vinyago ufuoni, wavuvi wa Gazi na mama karanga waliotegemea samaki wao. Hatudai kwamba vita vya Somalia peke yake ndivyo vilivyoleta hayo. Twasema tu kwamba wakati wa kupima faida na hasara za vita, hasara hii haikuandikwa popote.

Iko hasara nyingine iliyo nzito zaidi. Vijana kadhaa wa Ukunda, Diani na Msambweni walishawishika kwenda Somalia kupigana upande wa pili. Mwezi wa Aprili 2015 serikali iliwaahidi msamaha wale watakaorudi na kujisalimisha. Baadhi yao walirudi. Miongoni mwa waliorudi wako waliouawa na watu wasiojulikana, na wako waliotoweka hadi leo. Mashirika ya kutetea haki ya Pwani, yakiwemo MUHURI na HAKI Africa, yalipojaribu kuweka kumbukumbu za matukio ya namna hii, akaunti zao za benki zilifungwa kwa tuhuma za kufadhili ugaidi. Mahakama Kuu ya Mombasa ilizitupilia mbali tuhuma hizo Novemba 2015. Hapa ndipo penye hatari. Serikali inapozoea kutotoa hesabu ya vita vya ng'ambo, mazoea hayo hurudi nyumbani, na mwenye kuuliza hugeuzwa mshukiwa.

Watu wa pwani hii wanaijua vizuri maana ya kutohesabiwa. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, Waingereza na Wajerumani walipigana Gazi, Vanga na Jasini, hapo hapo penye mpaka wetu na Tanzania. Waafrika walichukuliwa kwa maelfu kuwa wapagazi katika kikosi ambacho jina lake limebaki katika mtaa wa Kariakoo wa Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Wengi walikufa kwa njaa na maradhi, na idadi yao kamili haikujulikana kamwe, kwa kuwa mkoloni hakuona haja ya kuwaandika wote. Mkoloni hakuwa na deni kwa mtu aliyemtawala kwa mabavu. Je, serikali iliyochaguliwa kwa kura nayo itatoa udhuru gani?

Tusidhani kwamba haya ni mambo ya Somalia tu. Mwezi wa Novemba 2022 wanajeshi waliokuwa wakipelekwa mashariki mwa Kongo waliagwa kwa bendera siku chache kabla ya Bunge kutoa idhini, na Desemba 2023 wakaanza kurudi huku waasi wa M23 wakiwa bado wana silaha mikononi. Januari 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba Baraza la Usalama la Kitaifa halina mamlaka ya kuwapeleka polisi Haiti. Serikali ikatafuta njia ya mkataba kati ya nchi mbili, na tarehe 25 Juni mwaka huo polisi wa kwanza wakatua Port-au-Prince. Siku hiyo hiyo vijana waliokuwa wakiupinga Mswada wa Fedha waliingia katika majengo ya Bunge jijini Nairobi, na waandamanaji wakapigwa risasi. Taifa lilikuwa likipeleka amani nchi za mbali huku nyumbani damu ikimwagika.

Kwa hivyo twawaomba wabunge wa Msambweni, Lungalunga, Matuga na Kinango, pamoja na seneta na mwakilishi wa wanawake wa Kwale, wasingoje kuongozwa na vyama vyao katika jambo hili. Wadai majina ya wanajeshi wote waliofia Somalia yatangazwe na kuandikwa mahali pa heshima. Wadai ripoti ya uchunguzi wa El Adde ijadiliwe Bungeni. Wadai kila idhini ya kupeleka askari nje iwe na muda maalumu, na muda huo ukiisha serikali irudi kueleza kabla ya kuongezewa. Wadai pia familia za vijana waliotoweka zielezwe waliko, wakiwa hai au wamekufa.

Nao wapiga kura wasiridhike na kupewa madarasa na visima pekee. Mbunge ambaye amekubali mtoto wa mwenzake apelekwe vitani ana wajibu wa kufika barazani, Ukunda au Kinango, na kueleza kwa nini alikubali. Askari hula kiapo cha kuitii nchi, naye hakitimizi kwa nusu. Nchi nayo yampasa imtimizie wajibu wake, na wajibu wa kwanza ni kutoificha habari ya kifo chake.